Kampuni Zikikua, Nani Hunufaika? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ukuaji wa Kampuni na Mgawanyo wa Mali

Je, ni kweli kwamba kampuni zikikua, mali huongezeka kwa watu wote?

Mali huongezeka, kwamba ni ya watu wote ni jambo jingine. Mapato ya kampuni huwafikia watu kwa njia chache zinazojulikana: mishahara kwa wafanyakazi, malipo kwa wazabuni, riba kwa mabenki, kodi kwa serikali, gawio kwa wanahisa, na unafuu wa bei kwa wateja. Hakuna kanuni yoyote ya ubepari inayosema kila njia ipate kiasi gani. Kiasi hicho hutegemea nguvu ya anayedai: chama cha wafanyakazi kina meno au hakina, sheria ya kodi inabana au ina mianya, sokoni kuna washindani au hakuna. Anayeamini kwamba ukuaji peke yake unatosha, na anayeamini kwamba ukuaji wote ni wizi, wanakosea mahali pamoja, kwa kuwa wote wawili wanauchukulia mgawanyo kana kwamba umo ndani ya ukuaji wenyewe, ilhali mgawanyo huamuliwa kwenye mikataba, kwenye sheria na kwenye daftari la wanahisa.

Kwa nini Safaricom hutajwa sana katika mjadala huu?

Kwa sababu ni nadra kupata kampuni kubwa ambayo karibu kila Mkenya ana uhusiano nayo na ambayo umiliki wake unajulikana hadharani. Kampuni hii ya simu iliundwa mwaka 1997 ikiwa tanzu ya Telkom Kenya. Vodafone ya Uingereza ikaingia mwaka 2000 na kuwa na asilimia 40. Mwaka 2008 serikali ikauza asilimia 25 kupitia soko la hisa la Nairobi, yenyewe ikabaki na asilimia 35. Mwaka 2017 sehemu kubwa ya hisa za Vodafone ilihamishiwa Vodacom ya Afrika Kusini. Katikati ya historia hiyo, Machi 2007, ikazaliwa M-Pesa, huduma yake ya kutuma fedha kwa simu.

Ikiwa kuna kampuni ya Afrika Mashariki ambayo ukuaji wake ungetarajiwa kuwafikia wengi, basi ni hii, maana ndani yake kuna mwekezaji wa nje, kuna serikali, kuna wanahisa wadogo wengi, na kuna wateja matajiri na maskini wanaotumia huduma ileile. Matokeo yake yanastahili kupimwa moja moja, kwa kuwa hayafanani.

Walionunua hisa mwaka 2008 walitajirika?

Wengine ndiyo, lakini tazama ni wepi. Hisa bilioni 10 ziliuzwa kwa shilingi 5 kila moja, na kiwango cha chini cha kuomba kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Hapo tayari wengi walikuwa wamebaki nje. Mamia ya maelfu ya watu walijitokeza, baadhi yao wakiwa wamekopa benki, wakitarajia kuuza kwa faida ya haraka. Bei ilipanda mwanzoni, ikaanguka chini ya shilingi 5 kabla mwaka haujaisha, na mwanzoni mwa 2012 hisa ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 3. Mwaka 2021 ilivuka shilingi 40.

Aliyenunua kwa akiba yake akaziacha alipata faida ambayo hakuna akaunti ya benki ingempa. Aliyekopa alilazimika kuuza wakati wa hasara ili alipe mkopo, na hisa zake zikanunuliwa na mtu mwenye uwezo wa kusubiri. Wote wawili walikuwa wanahisa wa kampuni ileile, katika miaka ileile, na kampuni ilikuwa inakua muda wote huo.

Kuhusu gawio, kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 kampuni ilitoa shilingi 1.20 kwa kila hisa, jumla ikiwa takriban shilingi bilioni 48. Mwenye hisa 1,000 alipata shilingi 1,200 kabla ya kodi ya zuio. Serikali, kwa asilimia 35 yake, ilipata karibu bilioni 16.8. Mwenye hisa 1,000 hawezi kulalamika, kwani aliyenunua kwa shilingi 5 anapata kila mwaka karibu robo ya mtaji wake. Hata hivyo shilingi 100 kwa mwezi haibadilishi maisha ya mtu. Gawio hufuata idadi ya hisa, na idadi ya hisa hufuata utajiri ambao mtu alikuwa nao kabla.

Na yule asiye na hisa hata moja, alipata nini?

Alipata kingi, na wakosoaji wa kampuni kubwa hawapendi kulitaja jambo hili. Kabla ya 2007 mtu wa Nairobi aliyetaka kupeleka fedha nyumbani alimkabidhi kondakta wa basi, alimtuma ndugu anayesafiri, au alikwenda posta. Fedha zilichelewa na nyingine hazikufika. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha mwaka 2016 matokeo yanayoonyesha kwamba M-Pesa ilizitoa kaya zipatazo 194,000, sawa na asilimia 2 ya kaya zote za Kenya, katika umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo cha kujikimu wakahamia kwenye biashara. Athari ilikuwa kubwa zaidi katika kaya zinazoongozwa na wanawake. Utafiti wao wa awali ulikuwa umeonyesha mojawapo ya sababu: kaya yenye M-Pesa ikipatwa na ugonjwa au mavuno mabaya iliweza kuchangiwa na jamaa walio mbali, kwa haraka na kwa gharama ndogo, na hivyo haikulazimika kupunguza matumizi yake.

Huo ni utajiri wa pamoja, na haukupitia kwenye mshahara wala gawio. Hata hivyo haukutokana na kampuni peke yake. Majaribio ya kwanza yaligharimiwa kwa sehemu na fedha za walipa kodi wa Uingereza, karibu pauni milioni moja, kupitia mfuko wa serikali yao wa maendeleo. Na Benki Kuu ya Kenya iliiruhusu huduma ianze bila kudai leseni ya benki, uamuzi ambao mabenki yaliupinga. Hadithi ya mjasiriamali aliyefanya yote peke yake huvutia zaidi, ila haikutokea hivyo.

Je, ada za huduma hazichukui tena kile ambacho mteja amepata?

Huchukua sehemu, na huichukua zaidi kwa mwenye kidogo. Tuchukue viwango vilivyoanza kutumika Julai 2023. Kijana anayefanya kibarua mjini anamtumia mama yake shilingi 500. Kutuma kunamgharimu shilingi 7. Mama akienda kwa wakala kuzitoa anakatwa shilingi 29, kwa sababu dukani kijijini kwake hawapokei ila taslimu. Jumla ni shilingi 36, yaani zaidi ya asilimia 7 ya fedha zenyewe. Mfanyabiashara anayetuma shilingi 250,000 kwa mara moja hulipa shilingi 108, ambayo ni chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu, na anayezipokea huenda asizitoe kabisa bali akazilipia mzigo moja kwa moja kutoka kwenye simu.

Kwa haki lazima isemwe kwamba kutuma shilingi 100 au pungufu ni bure, na kwamba kugharimia mtandao wa mawakala hadi vijijini si jambo dogo. Lakini kampuni yenye sehemu kubwa mno ya soko haina sababu ya kuharakisha kushusha bei. Tanzania ilipita njia tofauti: kulikuwa na mitandao kadhaa iliyoshindana kwa nguvu zinazokaribiana, na kuanzia mwaka 2014 baadhi yake ilikubaliana watumiaji wake watumiane fedha moja kwa moja, Vodacom nayo ikajiunga mwaka 2016. Mteja mwenye uwezo wa kuhama husikilizwa.

Mawakala zaidi ya 200,000 si ajira zilizoletwa na ukuaji?

Ni riziki, na kwa familia nyingi ni riziki nzuri. Kuziita ajira ni kupunguza maana ya neno hilo. Wakala huanza na mtaji wake: kodi ya kibanda, taslimu ndani ya droo, na floti, yaani salio la kielektroniki kwenye simu ya kazi. Anaandika kila muamala kwenye daftari, namba ya kitambulisho na sahihi ya mteja. Mwisho wa mwezi foleni inaanza asubuhi, watu wote wanataka kutoa, na ifikapo saa nne taslimu zimekwisha. Hapo anafunga dirisha na kukimbilia benki kubadilisha floti kuwa noti, na muda ambao dirisha limefungwa hapati kamisheni yoyote. Akiibiwa njiani, hasara kwa kawaida ni yake. Hana likizo yenye malipo, na hakuna mwajiri anayemchangia pensheni.

Kwa lugha ya uhasibu, kampuni imepata matawi mengi kuliko benki yoyote nchini bila kununua jengo wala kubeba hatari ya fedha zilizomo humo. Mfumo huu ulibuniwa kwa akili sana, na sehemu ya akili hiyo ilikuwa kumwachia mwingine hatari.

Kwa nini mauzo hupanda haraka kuliko ajira rasmi?

Kwa sababu fedha inayoongezeka mara nyingi hununua mashine. Kericho inaonyesha jambo hili waziwazi. Kampuni kubwa za chai zilileta mashine za kuchumia, na mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi wa mikono. Mei 2023 hasira ilifika kilele na waandamanaji wakazichoma baadhi ya mashine hizo mashambani. Kampuni zilijitetea kwamba gharama za mishahara zimepanda huku bei ya chai ikiwa haipandi, na hoja hiyo si ya uongo. Mchumaji naye hana hoja ya uongo: tija imeongezeka, naye ndiye aliyeondolewa ili iongezeke.

Eneo hilo lina jeraha lingine. Mashamba hayo yako juu ya ardhi ambayo jamii za Wakipsigis na Watalai ziliondolewa kwa nguvu wakati wa ukoloni. Umiliki unaoamua leo nani apate faida ya mashine ulianza kwa tendo hilo, na halikuwa biashara ya hiari.

Kwa upana zaidi, zaidi ya asilimia 80 ya watu wenye kazi nchini Kenya wako katika sekta isiyo rasmi, ile ya jua kali. Njia ya mshahara, ambayo vitabu huitaja kwanza, hapa kwetu ni nyembamba.

Je, kodi haitoshi kuwafikishia watu sehemu yao?

Kodi ingeweza, na mara nyingine hufanya hivyo. Kiwango cha kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 Kenya na Tanzania pia, na Safaricom ni miongoni mwa walipa kodi wakubwa kabisa wa Kenya. Tatizo ni kwamba serikali ikikosa fedha huona wepesi kumkata mtumiaji kuliko mmiliki. Ushuru wa Kenya kwenye ada za kutuma fedha kwa simu ulianza asilimia 10 mwaka 2013, ukawa 12 mwaka 2018, na 15 mwaka 2023. Tanzania iliweka tozo ya miamala ya simu Julai 2021, na malalamiko yakawa makali kiasi kwamba ilipunguzwa kwa asilimia 30 miezi miwili tu baadaye. Mteja maskini aliyesaidiwa na huduma ndiye aliyegeuzwa kuwa chanzo cha mapato, kwa sababu tu ni rahisi kumfikia.

Takwimu za taifa zinasemaje: uchumi ukikua, umaskini hupungua?

Hupungua, lakini kwa mwendo usiolingana. Kwa miaka mingi uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka. Umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007, ukashuka hadi 28.2 mwaka 2011/12, na 26.4 mwaka 2017/18. Angalia kipindi cha pili: miaka sita ya ukuaji wa kasi ilileta pungufu ya pointi 1.8 za asilimia peke yake, na kwa kuwa idadi ya watu iliongezeka, idadi ya maskini ilikua badala ya kupungua. Ukuaji ulikuwa kwenye madini, ujenzi, mawasiliano na huduma za fedha, sekta zinazohitaji mtaji mwingi na mikono michache, wakati walio wengi wanaishi kwa kilimo.

Serikali ikibadilisha mkataba, mwekezaji hatakimbia?

Vitisho vya kukimbia ni vingi kuliko kukimbia kwenyewe, hasa pale mali inapokuwa chini ya ardhi. Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini yasiyosafishwa, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Kampuni ya dhahabu ya Acacia ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, kiasi kilichozidi uchumi wote wa nchi mara kadhaa na ambacho, kwa maoni yangu, kiliharibu hoja nzuri kwa kuitia chumvi. Mwaka huohuo mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Baada ya mazungumzo marefu na Barrick, iliyokuwa mmiliki mkuu wa Acacia, mwaka 2020 ilianza kazi kampuni ya pamoja ya Twiga, serikali ikiwa na asilimia 16 ya hisa, kukiwa na makubaliano ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu na malipo ya dola milioni 300 kumaliza mgogoro.

Baada ya makubaliano uzalishaji uliendelea. Dhahabu ni ileile na mitambo ni ileile. Kilichobadilika ni karatasi. Njia iliyotumika inaweza kulaumiwa, nami nalaumu sehemu yake, lakini haiwezekani tena kudai kwamba mgawanyo wa awali ulikuwa umewekwa na soko na haukuguswa na mkono wa mtu.

Wazabuni wadogo hunufaika kampuni kubwa inapopanuka?

Hunufaika wakilipwa. Nakumatt, mtandao wa maduka makubwa wa Kenya, ilipokuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ilisifiwa kama mfano wa ukuaji wa Kiafrika. Baadaye ikaonekana kwamba upanuzi ule ulibebwa na madeni, yakiwemo ya wazabuni waliokuwa wakingoja malipo ya bidhaa zilizokwisha kuuzwa. Ilivunjwa mwaka 2020 ikiacha madeni ya mabilioni ya shilingi. Anayepeleka maziwa au mkate na kulipwa baada ya miezi kadhaa ameikopesha kampuni bila riba, na hakuna aliyemwuliza.

Basi dawa ni kila kitu kuwa mali ya umma?

Tanzania ilijaribu. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 mabenki na viwanda vikubwa vilitaifishwa, na idadi ya mashirika ya umma ikakua hadi takriban 400. Kufikia miaka ya 1980 mengi yalikuwa yakiendeshwa kwa hasara, rafu za maduka zikiwa tupu, na kuanzia miaka ya 1990 yakabinafsishwa. Mgawanyo bila uzalishaji nao ulikuwa na walionufaika, kwa kawaida mameneja na jamaa zao.

Ubinafsishaji nao si mwisho wa mjadala. Desemba 2025 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya Safaricom kwa shilingi 34 kwa hisa, jumla ikiwa zaidi ya shilingi bilioni 204. Fedha hizo zinaweza kujenga mengi. Lakini asilimia 15 kwa gawio la shilingi 1.20 ni takriban bilioni 7.2 kila mwaka, na mauzo hayo yakikamilika gawio hilo huenda kwa mmiliki mpya maadamu kampuni inaligawa.

Kuna mfano ambapo wazalishaji wenyewe ndio wamiliki?

Upo wa KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai nchini Kenya, na unafaa kuulinganisha na Kericho kwa kuwa zao ni lilelile. Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 humiliki viwanda vyao vya chai kupitia hisa. Hulipwa kila mwezi kwa kilo walizopeleka, kisha hupata bonasi ya mwaka kutokana na mauzo. Mfumo huu una kasoro zake, na malalamiko kuhusu tofauti ya bonasi kati ya mashariki na magharibi ya Bonde la Ufa, na kuhusu gharama za usimamizi, husikika kila msimu. Tofauti ni kwamba mkulima anayelalamika ana kura katika mkutano wa kiwanda chake. Mchumaji wa shamba la kampuni ana chama cha wafanyakazi, na chama kikishindwa hana kitu.

Mtu asiye mchumi atazame nini ili ajue kampuni inagawanya vipi?

Achukue taarifa ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa sokoni na asiishie kwenye kurasa za picha. Alinganishe gharama za wafanyakazi na mapato kwa miaka mitano: zikipungua kama sehemu ya mapato huku mapato yakipanda, ukuaji hauendi kwao. Atazame kodi iliyolipwa kwa taslimu katika taarifa ya mtiririko wa fedha, kwa sababu ile ya kwenye hesabu ya faida huwa na kiasi kilichoahirishwa. Aangalie fedha zinazodaiwa na wazabuni, kama zinakua haraka kuliko manunuzi. Kisha asome maelezo kuhusu miamala na kampuni mama, yaani ada za usimamizi, matumizi ya nembo na riba za mikopo ya ndani, maana faida inaweza kuondoka nchini kwa njia hiyo kabla haijaitwa faida.

Kampuni nyingi kubwa za kifamilia, pamoja na matawi ya kampuni za nje, hazijaorodheshwa, na hesabu zao hazichapishwi. Kwa hizo, mtu wa nje hana cha kusoma, isipokuwa mamlaka ya kodi, mahakama au bunge likizilazimisha kufungua vitabu.